Mbele Yangu: Maneno ya Kiapo na Kazi ya Mthibitishaji Asafiriye, Kalenga

Kalenga ni kijiji kilicho kando ya mto Ruaha Ndogo, yapata kilometa 15 kutoka mji wa Iringa. Wengi hulijua jina hilo kwa ajili ya historia, kwani hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, iliyotekwa na jeshi la Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Lakini Kalenga ya leo ni mahali pa mashamba, mifugo na shule, na mkazi wake aweza siku yoyote kuhitaji karatasi yenye kiapo. Jina lililo katika cheti cha ubatizo halilingani na lile la kitambulisho cha taifa. Cheti cha shule kimepotea. Mume amefariki na mahakama yataka kujua warithi wake. Kipande cha shamba chabadili mikono. Katika mambo hayo yote hutakiwa mtu mwenye uwezo wa kisheria wa kumwapisha mwenye haja na kushuhudia kwamba ameapa. Mtu huyo aghalabu hukaa mjini. Ama mwenye haja amfuate, ama yeye amfuate mwenye haja.

Makala haya yahusu safari hiyo ya pili, yaani mthibitishaji akiuchukua muhuri wake na kwenda kijijini, na hasa maneno ayaandikayo chini ya hati anapofika huko. Maneno hayo ni machache, na kwa kuwa hurudiwa kila siku, wenye kuyaandika mara nyingi hawayatazami tena. Safari ndiyo iyafanyayo yatazamwe. Mjini, ofisini, watu hujileta wenyewe na lugha ni moja, na hapo maneno ya desturi huweza kupita bila kuulizwa. Kijijini kila neno hupimwa na hali iliyopo: ni wapi hapa, ni nani huyu, ameelewa nini, na ni nani asemaye kwamba ameelewa. Kama Kiswahili cha hati kina udhaifu, hapo ndipo uonekanapo, na anayeumia kwa udhaifu huo si mwandishi wa hati bali ni yule aliyetia dole gumba.

Kazi yenyewe

Katika Tanzania Bara kazi hii imewekwa na Sheria ya Wathibitishaji na Makamishna wa Viapo, iliyo Sura ya 12 ya Sheria za nchi. Waifanyao ni mawakili walioandikishwa kwa kazi hiyo. Vyeo viwili hukaa katika mtu mmoja. Akiwa mthibitishaji, hushuhudia hati na sahihi, na kulinganisha nakala na asili yake, aghalabu kwa ajili ya matumizi ya mbali au ya nchi za nje. Akiwa kamishna wa viapo, humwapisha mtu na kuandika kwamba amemwapisha. Ndiyo sababu bao la mlangoni husema kwa pumzi moja: Wakili, Mthibitishaji na Kamishna wa Viapo. Mwananchi hatumii lolote kati ya majina hayo mawili ya mwisho. Yeye husema anakwenda kwa mwanasheria kugongewa muhuri.

Nchi hazilingani katika jambo hili. Marekani, mwenye muhuri wa namna hii si lazima awe mwanasheria, na wako waliofanya kuwa riziki yao kuzunguka kwa gari majumbani na hospitalini wakishuhudia sahihi za watu. Ufaransa, mthibitishaji ni mtumishi wa umma aliyesomea kazi yake kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe huitunga hati na kuihifadhi asili yake. Tanzania imesimama katikati: mwenye muhuri ni mwanasheria, lakini kuthibitisha ni sehemu moja tu ya kazi zake. Hakuna chama wala cheo cha wathibitishaji wasafirio. Asafiripo ni kwa sababu mwenye haja ni mgonjwa, au ni mzee asiyeweza kupanda gari, au kwa sababu watu wa kijiji kizima wana haja moja kwa siku moja. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wametambuliwa rasmi, nao hufanya kazi kubwa ya kuelimisha na kushauri vijijini. Lakini kumwapisha mtu si kazi yao. Muhuri hubaki kwa wakili.

Yafaa kueleza vema muhuri huo wasema nini, kwa kuwa kosa katika jambo hili ni la wengi. Haukisemi kilichoandikwa kuwa ni kweli. Mwapaji peke yake ndiye mwenye dhamana ya ukweli wa maneno yake, na akisema uongo, kosa ni lake. Mthibitishaji yeye hudhamini mambo mengine: kwamba mtu huyu ndiye huyu, kwamba alikuwapo, kwamba aliapa, na kwamba aliapa siku hii na mahali hapa. Kifungu cha 8 cha Sheria hiyo chamtaka ataje kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Kifungu cha 7 chamkataza kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa mmojawapo wa wahusika, au ana maslahi ndani yake. Kwa maneno mengine, mthibitishaji naye ni shahidi, na ushahidi wake uko katika mistari mitatu au minne iliyo chini ya hati. Mistari hiyo ndiyo hoja ya makala haya.

Asili ya maneno

Neno la kwanza ni kiapo. Shina lake, -apa, ni la kale katika lugha za Kibantu. Katika Kiswahili cha zamani kiapo hakikuwa maneno matupu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yakieleza kiapo kwa maana mbili: ahadi nzito yenye kumtaja Mungu au kitu kitakatifu, na pia jaribio la kumpima mtuhumiwa ili ijulikane kama ana hatia. Lugha imeihifadhi kumbukumbu ya maana hiyo ya pili. Mtu hula kiapo, hula yamini, hulishwa kiapo. Hapana shaka kwamba semi hizi ni za kale kuliko karatasi. Kadhalika, katika minyambuliko ya shina hilohilo mna -apisha, kumfanya mtu aape, na mna -apiza, kumlaani mtu. Kiapo na laana ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa aapaye hujiwekea laana iwapo atasema uongo.

Yamini ni neno la Kiarabu, na kwa asili lamaanisha mkono wa kuume na pia kiapo. Muhuri lina asili ya Kiajemi. Sahihi, katika matumizi ya zamani, ndilo lililokuwa jina la alama ya mkono wa mtu chini ya barua. Nalo kwa Kiarabu maana yake ni kitu kizima, kisicho na kasoro. Aliyetia sahihi alikuwa, kwa mujibu wa neno lenyewe, ameifanya hati kuwa ya kweli. Leo saini, lililotoka katika Kiingereza, lalisukuma neno hilo pembeni, na pamoja nalo yaondoka ile fikira kwamba kutia mkono ni kukiri ukweli. Kamishna nalo ni la Kiingereza. Mthibitishaji limeundwa nyumbani kwa mashina ya ugenini: thibiti, thibitisha, mthibitishaji, yaani asili ya Kiarabu iliyovishwa viambishi vya Kibantu.

Historia hii si ya kujipambia tu. Mzee wa Kalenga asikiapo kwamba ataapishwa, hasikii jambo la ofisi. Asikia jambo zito, pengine la kutisha, lenye kuhusu nafsi yake na watoto wake. Kisha aletewa karatasi na wino, na shughuli yamalizika kwa dakika tano. Uzito aliotarajia hauonekani, na yawezekana akaona kwamba lile halikuwa kiapo bali ni kugongewa muhuri tu. Mthibitishaji mwenye hekima hulijua pengo hilo, naye hulijaza kwa kumwambia mwapaji, kwa maneno ya kawaida, kwamba sasa anaapa, na kwamba uongo katika karatasi hii ni uongo katika kiapo.

Mahali na mwili

Hati nyingi humalizikia kwa maneno mbele yangu, na chini yake jina na sahihi ya mthibitishaji. Kisarufi, mbele ni nomino ya mahali, na hufuatwa na kimilikishi kama vile nyuma yangu au kando yangu. Lakini katika matumizi ya kila siku neno hili limekwisha kupanuka. Watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ndoa ilifungwa mbele ya Mungu. Jambo hili ni dogo mbele ya lile. Katika semi hizo hakuna atazamaye miili imesimama wapi. Katika kiapo, kinyume chake, mbele yangu lapaswa kurudishwa kwenye maana yake ya kwanza na ya mwili: mtu huyu alisimama au alikaa au alilala kitandani mahali ambapo mwenye muhuri alimwona kwa macho na kumsikia kwa masikio. Hati iliyopelekwa mjini mkononi mwa jamaa, ikagongwa muhuri, ikarudishwa kijijini, haina kasoro ya utaratibu peke yake. Imesema uongo katika maneno mawili ya mwisho.

Jambo la mahali lina ugumu wake zaidi katika mkoa huu. Iringa ni jina la mji; ni jina la wilaya; ni jina la mkoa. Hati zilizopigwa chapa tayari ofisini huwa zimeandikwa kwamba kiapo kimeapwa Iringa. Mthibitishaji aliyekwenda Kalenga akiitumia hati hiyo bila kuisahihisha, je, ameandika uongo? Mwenye kumtetea atasema kwamba Kalenga imo katika Wilaya ya Iringa na katika Mkoa wa Iringa, na kwa hiyo neno ni kweli. Lakini msomaji wa kawaida, asomapo Iringa pasipo neno jingine, huelewa mji. Sheria hutaka mahali patajwe ili siku ya shaka mtu aweze kwenda kuuliza: nani aliwaona siku hiyo, walikaa wapi, nani mwingine alikuwapo. Jina pana humpeleka muulizaji mahali pasipo. Kiswahili chenyewe kina njia rahisi ya kuondoa utata huu, nayo ni kutaja aina ya mahali pamoja na jina: mjini Iringa, kijijini Kalenga. Kiambishi -ni, kilicho kidogo kuliko vyote katika hati, ndicho kibebacho ushahidi. Mahakama za Tanzania zimewahi kukataa hati za kiapo kwa sababu ya kasoro katika sehemu hii ya mwisho, mahali au tarehe ikiwa haikutajwa. Na hati ikikataliwa, mara nyingi ombi zima lililoegemea juu yake huanguka nayo.

Kufahamu na kutambua

Baada ya mahali huja swali la mtu. Maneno yatumikayo ni ya namna mbili. Ama mwapaji ni mtu ambaye mthibitishaji anamfahamu mwenyewe, ama ametambulishwa kwake na mtu mwingine ambaye anamfahamu. Hati zilizochapwa huziweka namna zote mbili, na mwandishi hutakiwa kuikata isiyohusika. Mara nyingi haikatwi, na hati hubaki ikidai kwamba mwapaji anafahamika na hafahamiki.

Vitenzi hivi viwili vyahitaji uangalifu. Kufahamu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuelewa. Kiswahili kimelitumia pia kwa kumjua mtu. Lakini mtu aweza kusema anamfahamu fulani kwa sababu amewahi kumwona sokoni, au kwa sababu amesikia habari zake. Kutambulishwa, kwa upande wake, ni neno la adabu. Mgeni hutambulishwa kanisani. Wachumba hutambulishwa nyumbani. Na atambulishaye hadaiwi kitu. Mwenyekiti wa kitongoji aombwapo amtambulishe mwanakijiji kwa wakili mgeni, huenda akaona anatakiwa kufanya heshima hiyohiyo, kumbe sheria yamfanya kuwa nguzo ya hati nzima. Kama si yeye, mthibitishaji hana njia ya kujua ni nani aliye mbele yake. Kwa hiyo yafaa kutumia kutambua badala ya kutambulisha: mwenyekiti amemtambua mtu huyu kuwa ndiye fulani. Kutambua ni tendo la macho na kumbukumbu, na atambuaye hujua kwamba aweza kuulizwa.

Kalenga ina mfano mkubwa wa swali hili, ijapokuwa si wa wakili wala wa muhuri. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 alipokaribia kukamatwa, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Halikuletwa. Hatimaye Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953, mahali palipokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hapakuwa na shahidi wa kusema, namfahamu mtu huyu. Palikuwa na vipimo vya kichwa, vilivyolinganishwa na vile vya jamaa za Mkwawa walio hai, na palikuwa na tundu la risasi katika fuvu moja. Hilo ndilo lililochaguliwa, na tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, hapo Kalenga, ambapo hata leo limehifadhiwa katika makumbusho.

Tangu hapo wamekuwapo wenye kuuliza kama utambuzi ule ulitosha. Neno la kujifunza hapa ni moja. Watu waweza kubishana juu ya utambuzi wa Bremen kwa sababu yajulikana ulifanywa na nani, wapi, na kwa dalili zipi. Kama pangeandikwa tu kwamba fuvu ni la Mkwawa, pasingekuwa na la kupima. Hata jina lenyewe halikuwa moja katika maandishi: Wajerumani waliandika Quawa, na jina lake kamili lahesabiwa kuwa Mkwavinyika. Hati ya kiapo inayodhamini utambulisho wa mtu yapaswa kuacha nyuma yake njia kama hiyo ya kupimwa.

Lugha ya mwapaji

Hadi hapa imechukuliwa kwamba mwapaji na mthibitishaji hukielewa Kiswahili kwa kiasi kimoja. Sivyo ilivyo siku zote. Watu wa Kalenga wengi hukisema Kiswahili, lakini lugha ya nyumbani ya wazee ni Kihehe, na Kiswahili cha sokoni si Kiswahili cha hati. Fikiria mjane mwenye umri mkubwa, asiyejua kusoma, aletewaye hati isemayo kwamba hana maslahi katika shamba la marehemu mumewe na kwamba anaridhia msimamizi wa mirathi afanye aonavyo. Maslahi, kuridhia, msimamizi, mirathi: maneno hayo, isipokuwa msimamizi lenye shina la Kibantu, yametoka katika Kiarabu kwa njia ya pwani na ofisi. Aweza kuyasikia yote, akaitikia ndiyo kwa heshima, asijue kwamba ameacha shamba. Kisha dole lake latiwa wino, na kutoka hapo karatasi husema kwa niaba yake.

Sheria ya nchi haikulisahau jambo hili. Kanuni za wosia katika sheria za mila, zilizotangazwa mwaka 1963 kwa ajili ya wilaya zilizozikubali, zataka wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika ushuhudiwe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Lakini kwa asiyejua, wasipungue wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Hesabu hiyo ina maana. Pale jicho la mwenye wosia lisipoweza kuisoma karatasi, macho ya wengine huongezwa. Vivyo hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka hati ya hakimiliki ya kimila itiwe sahihi na mwenyekiti na katibu wa halmashauri ya kijiji, na mwenye kupewa ardhi atie sahihi au alama yake chini ya kila ukurasa, kisha ofisa ardhi wa wilaya aitie sahihi, muhuri na kuiandikisha. Katikati ya miaka ya 2010, mradi uliofadhiliwa na Marekani ulipoanza kupima mashamba kwa simu za mkononi katika Wilaya ya Iringa, Ilalasimba kikiwa miongoni mwa vijiji vya kwanza, vijana wa kijiji walitembea mipakani pamoja na wenye mashamba na majirani zao. Huo nao ni uthibitishaji wenye kusafiri, na nguvu yake ilikuwa katika jambo hili: maneno yalisemwa shambani, kwa lugha ya wasemaji, mbele ya watu waujuao mpaka.

Kwa hati ya kiapo, desturi iliyozoeleka ni kuongeza kifungu kisemacho kwamba mwapaji alisomewa na kufafanuliwa yaliyomo kwa lugha anayoielewa, naye akaonekana kuyaelewa. Kifungu hicho ni kizuri kwa nia, lakini hakitaji mambo mawili yaliyo ya lazima. Hakitaji lugha gani, wala hakimtaji aliyefasiri. Lugha anayoielewa si jina la lugha. Kihehe ni jina la lugha. Mfasiri asiye na jina hawezi kuitwa. Tena yafaa mfasiri asiwe mtu atakayefaidika na hati hiyo, na yeye mwenyewe aape kwanza kwamba atafasiri kwa uaminifu. Wala kuonekana kuelewa hakutoshi, kwa kuwa kuitikia kwa heshima huonekana vilevile. Dalili iliyo bora ni kumwomba mwapaji aisimulie habari kwa maneno yake mwenyewe. Akisema, nimempa mwanangu asimamie kesi lakini shamba ni letu sote, basi hati isemayo hana maslahi si hati yake, na mthibitishaji anapaswa kuufunga mkoba wake pasipo kugonga muhuri.

Kitenzi chenye kazi nyingi mno

Limesalia neno moja, ambalo ndilo latatiza zaidi. Sheria ya Viapo na Matamko hutofautisha kuapa na kutamka kwa dhati bila kuapa. Katika kumbukumbu za mahakama za Tanzania, Mkristo huandikwa kuwa ameapa, na Mwislamu, au mtu ambaye dini au dhamiri yake hairuhusu kuapa, huandikwa kuwa amethibitisha. Kisha, mwishoni mwa aya za hati, mwapaji huthibitisha kwamba aya fulani ni kweli kwa ujuzi wake na aya fulani ni kweli kwa habari alizopewa. Na chini kabisa huja mthibitishaji, ambaye naye huthibitisha. Katika ukurasa mmoja, basi, kuthibitisha ni badala ya kuapa, ni kupambanua vyanzo vya habari, na ni kushuhudia kiapo cha mwingine. Msomaji akiuliza ni nani aliyethibitisha nini, hati haimjibu.

Utata huu haukuwa na madhara makubwa wakati hati zilipoandikwa kwa Kiingereza, ambacho kina maneno mbalimbali kwa kazi hizo. Lakini mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo ambalo mahakama za mwanzo zilikuwa zimelizoea tangu zamani. Tangu hapo hati za Kiswahili zimeongezeka, na fasiri za haraka zimeongezeka pamoja nazo.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno; kinachokosekana ni kugawana kazi. Kwa asiyeapa yafaa kutamka kwa dhati, ambayo ina uzito bila kiapo. Kwa kupambanua vyanzo yafaa kuhakiki. Hapo ndipo hukumu ya Mahakama Kuu ya Uganda katika shauri la Matovu, ya mwaka 1966, ambayo mahakama za Tanzania zimeifuata mara nyingi, inapokuwa na faida kwa mwanalugha: hati ya kiapo ibebe mambo ambayo mwapaji ayajua mwenyewe, au ambayo aliarifiwa na kumtaja aliyemwarifu, isibebe hoja za sheria, wala maombi, wala maoni. Kiswahili cha mazungumzo kina njia zake za kutenganisha hayo: niliona, niliambiwa na fulani, nasikia, yasemekana. Mwandishi wa hati akizifuata njia hizo, uhakiki hujiandika wenyewe. Na kwa kazi ya mwenye muhuri yafaa kushuhudia, ambalo hata mtoto wa shule hulielewa. Jina la mthibitishaji laweza kubaki kuwa jina la cheo, kwa kuwa Sheria imekwisha kulitumia. Tendo lake lakini liitwe kushuhudia.

Kwa kufuata hoja hizi, kifungu cha mwisho cha hati iliyoapwa kijijini chaweza kuandikwa hivi:

Kiapo hiki kimeapwa kijijini Kalenga, Wilaya ya Iringa, leo tarehe fulani, na fulani, ambaye mimi simfahamu, bali ametambuliwa mbele yangu na fulani, mwenyekiti wa kitongoji, ninayemfahamu mwenyewe. Kabla ya kuapa alisomewa maneno yote kwa Kiswahili, na fulani, aliyeapa kufasiri kwa uaminifu, akayafasiri kwa Kihehe. Mwapaji aliyasimulia kwa maneno yake mwenyewe, akakubali kwamba ndiyo aliyoyakusudia, kisha akaapa na kutia dole gumba. Nami nimeshuhudia.

Kifungu hiki ni kirefu kuliko kile kilichozoeleka, na kitamchelewesha mwenye gari lingojalo barabarani. Lakini kila neno lake laweza kuulizwa na kujibiwa: mahali papo, watu wapo, lugha ina jina, na tendo la kila mmoja lina kitenzi chake. Wataalamu wa istilahi walio katika Baraza la Kiswahili la Taifa, pamoja na wale wa Mahakama, wanaendelea na kazi ya kuzifasiri fomu za sheria. Wakianza na mistari hii minne ya mwisho, watakuwa wameanza mahali ambapo mtu asiyejua kusoma huikutana sheria kwa kidole chake.